Pomboo wa Kisite na Saa ya Meli

Meli ya watalii inapotia nanga Mombasa, abiria wake hupata siku moja tu ya kutembea, na mara nyingi si siku nzima. Wengine hupanda magari kwenda kuona tembo. Wachache huelekea kusini, wakavuka Likoni, wakapita Ukunda na kufika Shimoni, ambako majahazi huwapeleka katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti kutazama pomboo, kasa na samaki wa matumbawe. Barabara peke yake hula saa nyingi, na meli haimsubiri mtu.

Likizo ya Desemba nilikuwa katika jahazi moja la safari hizo, nikimsaidia nahodha kutafsiri. Nahodha ni mzee wa Wasini, Mwislamu mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Tulitoka kwa mashine. Kaskazi ilipokaza vijana wakatweka tanga, na kelele ikaisha. Mama mmoja alitaka kuona nyangumi. Nikamweleza kwamba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakati wa kusi, kuanzia Julai hivi, wakitoka kwenye bahari za baridi kuja kuzaa. Alinitazama kana kwamba nimemfungia duka.

Pomboo tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ni sauti ya pumzi, fupi na nzito, kama ya mtu aliyetua mzigo. Sisi wanafalsafa tunamjua Aristotle wa mantiki na metafizikia, lakini huyo huyo aliandika kwa kirefu juu ya wanyama wa baharini, na zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alishajua kwamba pomboo huvuta hewa na hunyonyesha watoto wake. Nililisoma jambo hilo kama jibu la mtihani. Pale majini nilimwona mama pomboo, na ubavuni pake mtoto asiyezidi urefu wa kasia, wakiibuka na kuzama pamoja.

Kisha boti mbili za mashine zikaja kasi kutoka upande wa pili, na kundi likageuka kuelekea maji ya kina. Taratibu za kutazama pomboo zinajulikana: usiwakate njia, usiwazingire, usimtenge mama na mtoto wake. Lakini bwana mmoja alikuwa ameshatazama saa yake.

“Mwambie awafuate. Tumebakiwa na dakika 40, na tumelipa.”

Nikatafsiri. Mzee hakuugeuza usukani.

“Waambie, mwanangu, yule ana mtoto. Hafuatwi. Wakitaka watakuja wenyewe.”

Hawakuja. Boti moja iliwafikia, na tukasikia abiria wake wakipiga makofi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika swali la 47 la Sehemu ya Kwanza ya Summa, anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vingi vya aina mbalimbali kwa sababu wema wake hauwezi kuoneshwa vya kutosha na kiumbe kimoja. Papa Fransisko naye, katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si'” wa mwaka 2015, anakazia kwamba viumbe vina thamani mbele ya Mungu hata pale ambapo havitupi faida yoyote. Mzee yule hajasoma hata kimoja kati ya hivyo, na sidhani kama anavihitaji.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Mimi nikisema pomboo aachwe, sipotezi kitu. Kengele ikilia, chakula kiko mezani. Yeye ana vijana wawili wa kuwalipa jioni ile ile na karo ya Januari. Mahubiri yetu juu ya mazingira hupenda kumwonya mtu wa aina yake: mvuvi, mchoma mkaa, mwenye boti. Ni mara chache sana nimesikia akionywa yule aliyepanga ratiba, aliyeuza kukutana na kiumbe wa porini kwa saa moja tena kwa ahadi kwamba ataonekana. Hata yule bwana mwenye saa simlaumu sana. Aliuziwa pomboo kama anavyouziwa chakula cha mchana. Lakini ahadi hiyo lazima mtu ailipie, na anayebanwa ni aliyeshika usukani, au ni pomboo mwenyewe.

Tulishuka Kisite, wageni wakaogelea juu ya matumbawe. Mama wa nyangumi alimwona kasa akila majani ya baharini, akarudi jahazini amenyamaza, maji yakimchuruzika, akakaa mbele peke yake hadi Shimoni. Bwana yule alishuka bila kuaga.

Bakshishi ilikuwa kidogo. Mzee aliigawa mafungu manne, moja likiwa langu. Nikamwomba awaongezee vijana. Akazihesabu tena polepole, kisha akanitazama, maana tangu asubuhi sikuwa nimevua jaketi la kujiokolea.

“Na huko seminarini,” akauliza, “hawawafundishi kuogelea?”