Ngozi Ivute Ili Maji

Ziko methali zilizosemwa mara nyingi mno hata watu wamesahau kwamba zilianzia katika kazi ya mikono. Mojawapo ni hii niliyoiweka juu ya insha yangu. Shuleni hufundishwa pamoja na mwenziwe, "Udongo uwahi uli maji", na mwanafunzi huandika katika daftari lake kwamba maana yake ni kumlea mtoto angali mdogo. Jibu hilo hupata alama zake zote. Mwalimu mwenye bidii huongeza kwamba "ili" hapa si kile kiunganishi tukijuacho, bali ni kitenzi cha kale "-li" kilichotanguliwa na kiambishi cha ngeli, yaani ngozi ivutwe ingali ina maji. Kisha darasa huendelea na methali nyingine. Ngozi yenyewe haitajwi tena. Sidhani kama yupo mwanafunzi mmoja katika mia aliyepata kuuliza: maji kiasi gani?

Swali hilo nililipatia jibu Tanga, katika kibanda cha fundi wa ngozi aliyekwisha kupita umri wa miaka 80. Nilimwendea kwa haja. Marehemu baba yangu aliniachia msahafu wake, na pamoja nao mkoba wa ngozi aliokuwa akiutilia. Msahafu ulikuwa mzima, bali mkoba ulikuwa umeoza pembeni kwa unyevu wa pwani na nyuzi zake zimekatika. Haukuwa mkoba wa kushonwa vipande vipande kama mfuko. Ulikuwa umefinyangwa, ikiwa neno hilo laweza kutumiwa kwa ngozi: uso wake wa mbele uliinuka kama kisanduku, bila mshono katika kona, ukilingana na kitabu kwa urefu, upana na unene, hata kitabu kikakaa ndani yake kama kokwa ndani ya embe. Ndugu yangu mdogo alinishauri ninunue mfuko dukani yaishe. Lakini wosia ulitaja vitu viwili, nami sikuona kwamba nina ruhusa ya kupokea kimoja na kukitupa cha pili.

Mzee aliugeuza ule mkoba mara mbili, akapitisha kidole juu ya mshono, akautambua mkono wake mwenyewe. "Huu niliufanya mimi," akasema. "Kuufanya tena siwezi. Keti, mwanangu, utaufanya wewe." Akaniinulia mikono yake nione: ilikuwa ikitetemeka kama jani la mpapai. Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi. Yeye alikuwa na macho na maneno, mimi nilikuwa na vidole.

Kwanza alinifundisha kuchagua ngozi, na hapo nilitambua kwamba ngozi si kitu kimoja. Ngozi mbichi huoza. Ngozi iliyokaushwa juani bila dawa huwa ngumu kama ubao, na ikilowa hurudi kuoza. Kinachoifanya idumu ni tanini, yaani ile dawa chungu iliyomo katika magome ya miti. Watu wa bara walitumia magome ya mgunga; watu wa pwani walitumia mkandaa, na wakati wa utawala wa Wajerumani magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa hadi Ulaya kwa kazi iyo hiyo. Siku hizi mikoko ni miti ya hifadhi, wala haikatwi bila kibali, naye mzee alikuwa akitumia magome ya miwati, mti wenye asili ya Australia unaostawi huko Lushoto na Njombe. Magome hupondwa, hulowekwa, na ngozi huzamishwa katika maji yake: mwanzo katika maji hafifu, kisha katika makali zaidi, na mwisho katika makali kabisa. Ukianza na makali, ngozi hufunga uso wake wa nje na dawa haiingii ndani. Huonekana imeiva, kumbe moyo wake ungali mbichi. Ngozi nene ya ng'ombe yaweza kukaa majini miezi mingi. Ili kujua imeiva, hukatwa ukingoni na kutazamwa: ukiuona mstari mweupe katikati ya unene wake, irudishe majini.

Zipo pia ngozi za viwandani zilizotengenezwa kwa dawa ya kromu. Ni laini, hustahimili maji na joto, zafaa sana kwa viatu. Ila kwa mkoba wetu hazikufaa, kwa sababu ngozi ya kromu ukiivuta juu ya kalibu na kuiacha, hurudi ilivyokuwa. Ya magome hushika umbo ililopewa.

Kalibu tulilichonga kwa mvule, kwa kipimo cha msahafu ukiwa umezungushiwa kitambaa: sentimita 23 kwa 16, na unene wa 6. Kingo zote zilipigwa msasa mpaka zikawa mviringo, kwa kuwa kona kali huipasua ngozi inapovutwa. Tulifanya pia fremu ya ubao yenye tundu la kulipitisha lile kalibu pamoja na unene wa ngozi, nayo ngozi ilikuwa na milimita 3. Kabla ya yote hayo mzee aliniamuru nikate kucha. Ngozi yenye maji, alisema, huandika kila iguswapo, na ikikauka haifuti.

Basi nikaizamisha ngozi katika beseni la maji ya kisima. Maji ya moto yamekatazwa. Nyuzi za ngozi zina kitu kiitwacho kolajeni, na joto likizidi hujikunja zisinyooke tena. Ngozi ya magome huweza kuharibika maji yakifika nyuzijoto 70 na kitu. Mzee hakuwa na haja ya neno kolajeni. Alisema tu kwamba ngozi ni nyama, nayo nyama katika sufuria husinyaa. Viputo vidogo vilipanda juu ya maji kwa muda, kisha vikakoma. Nikaona wakati umefika, maana ngozi ilikuwa imelowa, imelegea, na methali ninaijua. Nikamtajia. Akacheka sana, akaniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia ni kufundisha Kiswahili.

"Hiyo imelewa," akasema. "Mlevi humfundishi kitu. Ngoja izinduke."

Tukaitoa, tukaifunga katika kitambaa, tukanywa chai. Kila baada ya muda alinitaka nifunue na kumweleza rangi. Ngozi iliyolowa huwa nyeusinyeusi; kadiri maji ya juu yanavyoondoka, rangi yake ya awali huanza kurudi kutoka kingoni, hali ukiishika bado ni baridi na ndani ina unyevu wa kutosha. Huo ndio wakati wenyewe. Ikiwa na maji mengi mno, huvutika kwa urahisi lakini haishiki umbo, hulala na kunyauka. Ikikauka mno, hugoma, na ukiilazimisha hupasuka uso. Katikati ya hali hizo mbili pana muda usio mrefu, na katika muda huo ngozi hukubali chochote uitakacho na kukikumbuka. Tangu siku hiyo siwezi kuifafanua methali hii kwa neno "mapema" peke yake. Waliotutungia hawakusema ivute mara moja. Walitaja hali ya ngozi, na hali hutambuliwa kwa kuiangalia.

Nilivuta kutoka katikati kuelekea kona, kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Kazi ngumu yote ipo katika kona, kwa sababu hapo ngozi inazidi na kufanya makunyanzi. Huwezi kuikata, huna budi kuisukuma ijibane ndani yake yenyewe, kidogo kidogo, ukiisugua kwa kipande cha pembe ya mbuzi kilicholainishwa. Kisha fremu ikashushwa, ikabanwa kwa vigingi vya mti. Misumari ya chuma ilikatazwa kama maji ya moto yalivyokatazwa, maana chuma kikikutana na tanini penye unyevu hutoa doa jeusi lisilotoka. (Walimu wa kemia watapenda kujua kwamba wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulifanywa kwa njia hiyo hiyo, kwa chumvi ya chuma na tanini.) Tukaiweka kivulini, penye upepo wa bahari, kwa siku mbili.

Katika siku hizo mbili tulizungumza mengi. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi, lakini mzee alinionyesha rundo la ngozi alizozikataa: hii imechomwa alama ya chuma cha moto ubavuni, hii imetobolewa na kisu cha mchunaji mwenye haraka, hii imeliwa na kupe. Nikakikumbuka kile kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, kisikaribie kamwe kiasi hicho mpaka kilipofungwa mwaka 1990. Sisemi kwamba fundi mmoja wa Tanga angekiokoa. Nasema kwamba elimu ya ngozi huanza kwa mchungaji na mchinjaji, wala haianzi kwenye mashine. Na kwamba tunapohesabu utamaduni wa taifa tukaishia kwenye ngoma na mavazi, tunawaacha nje ya hesabu watu wanaojua jambo kama hilo la mstari mweupe katikati ya ngozi.

Siku ya tatu kalibu lilitolewa. Ngozi ilibaki imesimama, ngumu, ikilia kama kibuyu ukiigonga. Upande wa juu ukakatwa uwe mdomo, na ukingo wa pande tatu ukashonwa juu ya kipande bapa cha nyuma, ambacho huendelea juu na kukunjwa kuwa kifuniko. Tundu zilitobolewa kwanza kwa msharasi, nusu sentimita kati ya moja na nyingine, zaidi ya 120 kwa jumla. Kisha uzi mmoja wenye nta, sindano mbili, kila sindano ikipita katika kila tundu kutoka upande wake. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Nilishona kutwa nzima.

Jua lilipokuwa likitua mzee aliupokea mkoba, akaufuata mshono kwa kidole gumba kinachotetemeka mpaka mwisho wake. Akaniambia nitie msahafu. Uliteremka polepole, na hewa iliyokuwa ndani ikatoka kwa sauti ndogo.

"Mafuta utaupaka mwezi ujao," akasema, "si leo. Uache ukauke na ndani." Kisha akaniuliza wanafunzi wangu hawana masomo mchana wa siku gani.