Nakala Iliyobaki Beni

Nyumbani kwetu Butembo tulikuwa na kompyuta moja tu, nayo ilikuwa kama sanduku la ukoo. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya shule, hati ya kiwanja, picha za miaka mingi, na sauti ya marehemu baba akisimulia kwa Kinande jinsi babu alivyoacha milima akaenda kufungua shamba karibu na Oicha. Tulimrekodi jioni tatu mfululizo mwaka 2017. Shamba lenyewe hatulifikii tena, kwa sababu ya mauaji yaliyoanza kuikumba nchi ya Beni mwaka 2014. Hivyo masimulizi yale ndiyo yalikuwa urithi wetu.

Usiku mmoja umeme wa jenereta ulipanda ghafla, na asubuhi kompyuta haikuwaka. Fundi aliitoa diski, akaijaribu katika mashine nyingine, akatikisa kichwa. Sisi ndugu wanne tukatazamana. Kaka mkubwa alidhani dada amenakili; dada alidhani mdogo wetu, aliyesomea kompyuta, amenakili; naye mdogo alikuwa akingoja fedha za kununua diski iliyo bora zaidi. Hakuna kati yetu aliyedharau sauti ya baba, lakini hakuna aliyeitunza.

Mama mdogo, akaaye Beni, aliposikia alitupigia simu: “Wanangu, ile flashi mliyoniletea kwa ajili ya picha za arusi bado imo kabatini.” Ndani yake tulikuta picha, na jioni ya kwanza ya sauti ya baba. Jioni mbili nyingine hatutazisikia tena. Simulizi linakatika babu akiwa bado njiani.

Tangu hapo tumejiwekea utaratibu. Kila jambo la thamani lina nakala tatu: moja katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje, ya tatu mbali na nyumba. Diski ya nje huunganishwa wakati wa kunakili tu, kisha huchomolewa. Ikikaa imechomekwa, umeme au virusi vinavyoiharibu kompyuta vitaiharibu nayo. Ya tatu iko kwa mama mdogo, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, nayo imefungwa kwa nenosiri, ili ikiibwa njiani mwizi asisome mambo yetu. Hati chache tumezihifadhi pia katika intaneti, ingawa bando ni ghali. Lakini tumejifunza kwamba hifadhi inayofuatana na kompyuta hatua kwa hatua haitoshi peke yake: ukifuta faili hapa, hufutika na kule.

Tena, kila miezi mitatu mmoja wetu, kwa zamu na kwa jina, huzifungua nakala na kusikiliza. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Hekima hii si ngeni kwetu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, ilimwagiza paroko kupeleka kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vya parokia kwa askofu. Hata leo ndoa huandikwa katika kitabu cha parokia ilikofungwa, na pia katika kitabu cha ubatizo, mahali mtu alikobatizwa. Waliotunga taratibu hizo hawakujua kompyuta, lakini walijua kwamba nyumba huungua na watu hukimbia.

Nanyi vijana, ulizeni nyumbani kwenu: sauti ya bibi imewekwa wapi? Orodha ya kikundi chenu je? Kisha msiseme “tutanakili”. Mtajeni atakayenakili, na siku yake. Sisi tulikuwa wanne, na kila mmoja alimtegemea mwenzake.