Jina Fupi Lisifunike Jina la Mukubwa

Leo nataka kusema juu ya majina tunayozipa amri za kompyuta, kwani iko hatari ndani yake ambayo wengi hawaioni.

Wenye kutumia Linux wanajua terminali: unaandika amri, mashine inatii. Kuandika amri ndefu kila siku kunachokesha, njo maana watu wanatunga jina fupi, linaloitwa aliasi. Ni kitu chema, hata mimi ninazo. Shida inaanza wakati jina unalotunga liko tayari na mwenyewe.

Tutazame mfano. Wengi wanaotumia git wanaandika alias gs='git status', ili waone hali ya kazi yao kwa herufi mbili tu. Lakini gs ni jina la Ghostscript, programu ya kutayarisha na kugeuza faili za PostScript na PDF. Ghostscript ilitokea mwaka 1988, git mwaka 2005. Mudogo amekalia kiti cha mukubwa! Siku mutu anataka kupunguza uzito wa PDF, anaita gs, na anayeitika ni git. Atasema programu imeharibika, kumbe iko nzima. Jina lake tu limefunikwa.

Kwa nini vile? Bash ikisoma neno la kwanza la amri uliyoandika, inatazama aliasi mbele. Ikikosa humo, njo inaendelea kutafuta, mpaka kufika kwenye programu zilizowekwa ndani ya mashine. Sisi makapita tunajua jambo hilo: ukiita jina la wanafunzi wawili, anaitika yule wa karibu.

Hatari kubwa zaidi iko kwa rm, amri ya kufuta. Wengine wanaandika alias rm='rm -i', ili mashine iulize kwanza. Inaonekana kuwa akili, lakini mukono unazoea kuulizwa. Siku unakaa mbele ya mashine isiyo na aliasi ile, rm inafuta bila kuuliza, na haiweki faili katika kapu la taka. Kazi ya mwaka muzima inaweza kupotea kwa nukta moja. Afazali uandike alias futa='rm -i'. Kwenye mashine nyingine futa haitajulikana, mashine itakataa, na hakuna kitakachopotea. Muone faida ya lugha yetu: imejaa majina ambayo wenye kutunga amri hawakuyachukua.

Basi, mbele ya kutunga jina, uliza kwanza: type -a gs. Mashine itakuonyesha wote wenye jina lile. Ikisema halipo, lichukue. Kama jina limekwisha kufunikwa, andika \gs ao command gs, na programu yenyewe itaitika. Kuondoa kabisa, andika unalias gs, kisha futa mustari wake katika .bashrc.

Tena, pale wengi wanatumia konti moja, .bashrc si shamba la mutu mumoja. Jina unaloweka humo unaliweka katika kinywa cha wote. Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka. Wadogo watabaki na majina tuliyoyaacha, bila kujua nani aliyatunga. Tuwaachie majina yasiyodanganya.

Kapita wenu.