Baba ananifundisha kisanji



Kwenye mkutano wetu wa siku ya posho, wenzangu waliona kucha za vidole gumba vyangu zimeachwa ndefu, nyingine zote fupi. Wakauliza kama ni mtindo mpya. Hapana. Ninajifunza kupiga kisanji, kile ambacho watu wa Kinshasa wanaita likembe. Tena ni kisanji cha umeme. Niwaeleze namna ilivyoanza.

Baba yangu anaishi nasi hapa Lubumbashi tangu mama alipofariki. Masikio yake yamekuwa mazito kidogo kidogo. Wakati wa kula sisi tunaongea, yeye anatazama bukari yake. Tukitaka kumwambia neno tunapaza sauti, na mtu wa kupaziwa sauti kila siku anaona kama anagombezwa. Mwishowe akaacha hata kuuliza. Tulimpeleka hospitali, munganga alisema ni uzee. Katika ujana wake alikuwa mpigaji wa kisanji, lakini alikifungia ndani ya sanduku. Alisema, "Sikisikii tena."

Kijana wangu wa pili anajifunza kazi ya kutengeneza redio. Jioni moja alibandika chini ya ubao wa kisanji kipande chembamba cha duara, kama sarafu, alichotoa ndani ya kengele ya umeme iliyokufa. Kipande hicho kinashika mtetemo wa ubao, waya unaupeleka kwenye bafle, na sauti inatoka kubwa. Aliniambia kwamba Mzee Mawangu Mingiedi wa kundi la Konono Nº1, aliyefariki mwaka 2015, alifanya kazi ya namna hiyo Kinshasa: alitengeneza mikrofoni kwa sumaku za vyuma vya gari za zamani, ili likembe isikike katikati ya makelele ya mji.

Sasa nani apige? Vidole vya baba vinatetemeka. Kijana hana subira. Nikabaki mimi, mama wa watoto watano, ambaye sijawahi kushika chombo cha muziki.

Juma la kwanza vidole viliniuma sana, na kufua nguo kulilainisha kucha zangu. Nilijifunza kwamba ulimi mrefu wa chuma unatoa sauti nene, mfupi unatoa sauti nyembamba. Ukiusukuma nyuma, sehemu inayocheza inafupika na sauti inapanda. Ukiuvuta mbele, inashuka. Nilitaka kupiga wimbo mzima mara moja, nikashindwa. Ndipo nikachukua ndimi mbili tu, kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Dakika 15 kila jioni, baada ya kuosha vyombo. Umeme ukikatika, tunatumia batri. Bafle ikiwa karibu mno na kisanji inapiga mluzi mkali, basi tuliisogeza mbali, karibu na kiti cha baba.

Siku ya kumpigia, baba aliweka kiganja juu ya bafle. Uso wake haukubadilika. Nikafikiri tumejisumbua bure. Kisha akauliza, "Nyuki wako wapi?"

Hatukuelewa. Akanyoosha kidole kwenye ndimi. Zamani kila ulimi ulikuwa na kipete kidogo cha chuma kinachovuma. Kijana wangu alikuwa ameviondoa, kwa sababu kwenye bafle vilisikika kama bafle imepasuka. Tukavirudisha usiku uleule.

Kesho yake nikapiga tena ndimi zangu mbili. Baba akaanza kugonga mguu chini. Halafu akasema, "Unakimbia. Nani anakufukuza?" Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya majuma mengi, aseme neno ambalo hakuulizwa.

Masikio yake hayakupona. Bado tunapaza sauti. Lakini sasa, vyombo vikiisha kuoshwa, yeye ndiye anayeniita. Ananishika vidole na kuviweka mahali pake. Nikikosea anatikisa kichwa, na wajukuu wanakuja kukaa karibu kuona mama yao akirudiwa kama mtoto wa shule.

Nimewaza sana juu ya hilo. Tulimpa baba chakula, nguo safi na dawa, tukafikiri tumetimiza yote. Kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haja ya kitu chochote kutoka kwake. Wamama, kama kwenu kuna mzee aliyenyamaza, tafuteni kazi anayoijua na ninyi hamuijui, mkae chini awafundishe. Msione haya kwa kuwa mmeshakuwa watu wazima.

Mimi nimefika kwenye ulimi wa nne. Baba anasema bado nakimbia.