Nyoka Mla-Mayai wa Makwasinyi

Msafiri atokaye Voi kwenda Mombasa, akitaka kufika Makwasinyi, huiacha barabara kuu pale Maungu na kushika njia ya vumbi iendayo kusini. Kulia na kushoto ni nyika tupu ya migunga na mibuyu, na udongo wake mwekundu hutia rangi hata nguo za wapitao. Mbele yake husimama mlima Kasigau, ulio peke yake katika tambarare ile, wenye urefu wa mita 1,600 na zaidi. Asubuhi nyingi kilele chake hufunikwa na ukungu, na msitu ulio juu huyanasa maji ya ukungu huo. Vijiji vimeuzunguka mlima kama watoto walioketi miguuni pa mzee: Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na vinginevyo.

Wenyeji ni Wakasigau, walio tawi la Wataita. Mwaka 1915, wakati wa vita baina ya Waingereza na Wajerumani, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu hawa kwa nguvu hadi Malindi kwa kuwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia ugenini, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Leo wanalima mahindi, kunde na pojo, wanafuga mbuzi na kuku, na akina mama husuka vikapu vya mkonge vinavyosifiwa mbali. Kwa kuwa nchi yao iko baina ya mbuga mbili za Tsavo, habari zao zinazofika magazetini aghalabu huwa za ndovu walioharibu mashamba. Lakini katika nyika hiyo hiyo yuko mnyama mdogo ambaye habari zake hazisimuliwi, ingawa huishi karibu na watu kuliko ndovu. Huyo ni nyoka mla-mayai.

Nyoka huyu ni mwembamba, na kichwa chake ni kidogo, hakizidi sana unene wa shingo. Wengi wao hawafiki urefu wa mita moja, na mtoto aliyetoka yaini punde ni mfano wa kalamu ya risasi kwa unene. Rangi yake ni ya udongo, kijivu au kahawia, na wengine wana madoa meusi mgongoni. Mchana hujificha chini ya mawe, ndani ya magogo au katika magamba ya miti, na usiku hupanda mitini kutafuta viota. Hana sumu hata kidogo. Meno yake ni machache na madogo mno, hayafai kuuma wala kushika windo. Chakula chake, tangu azaliwe mpaka afe, ni mayai ya ndege tu.

Namna anavyokula ni jambo la kustaajabisha. Kwanza huligusa yai kwa ulimi na kulinusa pande zote. Likiwa limeoza, au kifaranga kimeanza kukomaa ndani yake, huliacha akaenda zake. Likimpendeza, hufungua kinywa na kulivuta polepole, ngozi ya shingo ikinyooka kama soksi, mpaka yai lililo kubwa mara tatu kuliko kichwa chake limekwisha kuingia. Ndani ya koo, mifupa ya uti wa mgongo imechomoza kama misumari. Nyoka hujikunja na kulibana yai juu ya misumari hiyo, ganda likapasuka, naye akameza ute na kiini. Baadaye hulitapika ganda likiwa limebanwa vizuri, mfano wa mashua ndogo iliyokunjwa. Mtu akiliona ganda hilo chini ya mti ajue ni nani aliyepita usiku.

Kwa kuwa hana silaha, nyoka huyu hujikinga kwa vitisho. Akishtushwa hujipinda kama kiatu cha farasi na kusugua magamba ya ubavuni, yakatoa sauti kama mafuta yanayokaangwa. Kisha hupanua kinywa na kuruka mbele kana kwamba atauma. Mtu asiyejua hudhani ni nyoka wa sumu, na aghalabu humwua papo hapo. Lakini kosa la upande wa pili ni baya zaidi, yaani kumwona nyoka wa sumu ukadhani ni mla-mayai. Katika nchi ya Taita yuko bafe, ambaye wengine humwita kifutu, na mtoto wake mwenye madoa huweza kumdanganya hata mtu mzima. Kwa hiyo haifai mtu asiyefundishwa kumshika nyoka yeyote kwa mkono, hata akisadiki kwamba amemtambua.

Sasa tuje kwenye taabu ya kumtunza. Mara nyingine nyoka mdogo wa namna hii hupatikana katika mawe ya msingi wa nyumba au katika kuni, na watu wakataka kumweka ili watoto wa shule wamwone. Yafaa ijulikane kwanza kwamba sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yamtaka mtu apate kibali kabla ya kumfuga mnyama wa porini, na nyoka ni katika hao. Lakini hata mwenye kibali hukutana na tatizo lile lile: siku zapita, juma lapita, na nyoka hali. Huwekewa panya, akamwogopa. Huwekewa mjusi au chura, asimwangalie. Huwekewa yai la kuku, lenye uzito wa gramu 50 na zaidi, ambalo kwake ni kama mtu kupewa mtungi aumeze mzima. Mwishowe mfugaji husema nyoka ana kiburi, kumbe hajapewa chakula.

Tena yako mambo mengine yamzuiayo kula. Nyoka aliyetoka porini juzi bado ana hofu. Akishikwashikwa kila saa na kuonyeshwa kila mgeni, hofu hiyo haipungui. Jingine ni majira. Katika nyika ya Kasigau mvua huja mara mbili kwa mwaka, za masika toka Machi mpaka Mei na za vuli toka Oktoba mpaka Desemba. Ndege wengi hutaga wakati wa mvua, maana ndipo wadudu na mbegu zinapopatikana kwa wingi. Hapo nyoka hula kwa bidii, akaweka mafuta mwilini. Kiangazi kikija viota vikawa vitupu, nyoka aliyekomaa hukaa miezi kadhaa bila kula wala asidhurike. Basi nyoka aliyekamatwa mwezi wa Agosti akikataa yai, huenda si mgonjwa, bali anafuata kalenda ya nchi yake.

Wenye ujuzi wa kuwatunza hufanya hivi. Humweka katika sanduku lenye kifuniko kinachobana sawasawa, kwa kuwa nyoka mwembamba hupenya tundu ambalo mtu hadhani kidole kitapita. Chini hutandaza mchanga mkavu au majani makavu, na huweka gome la mti au kigae apate kujificha, pamoja na kijiti cha kupandia na bakuli dogo la maji safi. Joto la digrii 25 hadi 30 lamtosha, lakini upande mmoja wa sanduku sharti uwe na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Kamwe haliwekwi juani, maana nyoka aliyefungiwa juani hufa kwa muda mfupi. Kisha humwacha kwa utulivu muda wa juma moja bila kumgusa.

Baada ya hapo huwekewa yai wakati wa magharibi, nalo huachwa usiku kucha. Ukubwa wa yai ndio siri kubwa. Nyoka mkubwa aweza kula yai la kware, lenye uzito wa gramu 10 hivi. Katika miaka ya 2013 na 2014 Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware, bei ya mayai yakapanda sana, kisha soko likaanguka na wengi wakapata hasara. Hata hivyo mayai hayo bado hupatikana. Lakini nyoka mchanga hawezi hata la kware. Yeye ataka mayai ya ndege wadogo sana wafugwao vizimbani, ambayo uzito wake ni kama gramu moja tu. Yai liwe bichi, lisiwe limeoshwa wala kukaa katika friji, kwa kuwa harufu ndiyo imwambiayo nyoka kwamba hicho ni chakula. Wengine hulisugua kwa manyoya ya ndege, na mara nyingi nyoka aliyekuwa akikataa hukubali.

Ikiwa bado hali, wako wafugaji wanaompigia yai bichi na kumpitishia kooni kwa mrija. Kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama au mtu aliyefundishwa. Asiyejua huweza kupitisha mrija pasipo mahali pake, au kuyajaza maji mapafu, na nyoka aliyekuwa na njaa tu akafa kwa matibabu. Jambo la busara ni kumpima kwa mizani kila juma na kuandika uzito wake. Asipopungua, hapana haja ya kuhangaika. Akianza kupungua, ngozi ikajikunja ubavuni na uti wa mgongo ukachomoza, basi wakati wa kumrudisha umefika, wala haifai kungoja mpaka akose nguvu za kupanda mti.

Nyoka mla-mayai si peke yake katika tabia hii. Nyoka vipofu, wadogo kama minyoo, ambao wakulima huwafukua kwa majembe, hula mchwa na siafu pamoja na mayai yao. Wako nyoka wa nchi za juu zenye unyevu ambao chakula chao ni konokono tu. Na katika milima ya Taita yuko nyoka mmoja wa chini ya ardhi aliyepewa jina na wataalamu mwaka 1971, Amblyodipsas teitana, ambaye ameonekana mara chache sana. Nyoka kama hawa wakitolewa katika udongo wao, ni vigumu mno mtu kuwapatia kitu cha kula.

Hata mabingwa walijua mpaka wao. Mwingereza Constantine Ionides, aliyekuwa mlinzi wa wanyama katika Tanganyika na kufa mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi ile hata watu wakamwita Bwana Nyoka. Hata hivyo wengi wa nyoka wake walipelekwa kwa watu wenye vifaa na chakula cha kuwatosha. Katika Kenya nyumba ya nyoka iko Nairobi karibu na jumba la makumbusho, na huko Watamu pwani kuna shamba la nyoka lililoanzishwa na James Ashe na mkewe mwaka 1980. Mahali kama hapo ndipo pa kuwapeleka watoto wajifunze. Humo huwaona nyoka wenye sumu na wasio na sumu wakiwa salama nyuma ya kioo.

Kwa mkulima wa Makwasinyi njia iliyo bora ni nyepesi. Akimwona nyoka nyumbani na asimjue, awaondoe watoto, asimame mbali, na kumwita mtu mwenye ujuzi au askari wa wanyamapori. Mtu akiumwa, atulizwe asitembee, pasichanjwe wala kufungwa kamba, apelekwe hospitali upesi. Na nyoka akishatambuliwa na mjuzi kuwa ni mla-mayai, arudishwe penye miti karibu na pale alipotoka. Huko yako mayai ya mnana na ya njiwa, na kila yai la mnana analolila ni ndege mmoja asiyefika kula nafaka shambani. Mvua za vuli zikinyesha na viota vikajaa katika migunga, atapata mwenyewe chakula ambacho mfugaji aliyehangaika mwezi mzima hakuweza kumpatia.