Wifi, Kaa Kitako

Wifi alikuwa keshasimama. Mkoba uko wazi mezani, na kati ya kidole cha shahada na cha kati amebana noti ya euro 20 aliyoikunja kwa urefu, mkunjo ule wa akina mama waliozoea kutunza, noti ikifika kwenye paji la uso la mwimbaji inanata na jasho, haihitaji msaada. Jukwaani dada mmoja aliyebeba mgongoni manyoya mekundu makubwa kuliko yeye alikuwa anashuka ngazi huku anaimba.

"Naenda kumtunza," akaniambia.

Nikamshika kiwiko. "Wifi, kaa kitako. Hapa hawatunzi."

Akakaa. Si kwamba alielewa. Alikaa kwa kuwa mimi ni mwenyeji wake, na mgeni hambishii mwenyeji mbele za watu. Lakini jicho alilonitupia ninalo mpaka leo.

Tulikuwa Paris, ndani ya Moulin Rouge, mwezi wa kumi. Wifi ni dada wa mume wangu, mtoto wa Magomeni kama mimi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Ulaya. Aliyewahi kumwalika ndugu kutoka Bongo anajua kwamba safari haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia kwenye barua ya mwaliko, taarifa za benki, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, utadhani mgeni anakuja makusudi kuvunjika mifupa. Uzuri wa viza ya Schengen ni kwamba ukishaingia Uholanzi umeingia na Ufaransa, na kutoka Rotterdam tunakoishi, treni ya kasi inakufikisha Paris kabla ya saa tatu kutimia. Binti yangu, aliyezaliwa huku na anayempenda shangazi yake kuliko anavyotupenda sisi tuliomzaa, akatununulia tiketi za chakula cha jioni na onyesho. Wifi sikumtajia bei. Wewe msomaji nakutajia: ni zaidi ya euro 200 kwa kichwa. Mume wangu alikataa kuja. Alisema hawezi kukaa meza moja na dada yake wa tumbo moja huku wanawake wanapita vifua wazi. Kwa hilo sikubishana naye.

Nje, wifi aliniuliza kile kinu chekundu juu ya paa kilikuwa kinasaga nini. Hakikuwahi kusaga hata kibaba. Joseph Oller na Charles Zidler walipofungua ukumbi huu Oktoba 1889, mwaka ule ule wa mnara wa Eiffel, kinu cha upepo kiliwekwa kuvutia wateja tu. Aprili 2024 mabawa yake yalianguka barabarani usiku, na Julai yakarudishwa kabla ya michezo ya Olimpiki. Wifi akajipiga picha nacho mara saba, akatuma zote Dar kwenye kundi la ukoo. Ndani picha ni marufuku.

Chakula nitakiruka. Kilikuwa kizuri, wifi alipata samaki wake na maji yenye mapovu, na mhudumu hakumsumbua kwa shampeni. Nitakachokitaja ni taa. Kila meza ina kitaa kidogo chekundu, na meza ni nyingi, maana ukumbi unachukua watu wapatao 850. Saa tatu usiku ilipogonga, giza likaingia, tukabaki sisi na vile vitaa kama mashua za dagaa usiku ukiziona kutoka ufukweni. Hapo ndipo nilipoanza kumsikia wifi, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa kimya.

Onyesho linaitwa Féerie na lipo tangu 1999. Tangu 1963 maonyesho yao makubwa hupewa majina yanayoanza na herufi F, kwa kuamini kwamba herufi hiyo ina bahati. Nilipomnong'oneza hayo, wifi hakushangaa hata kidogo. "Kila ukumbi una mganga wake," akasema.

Wachezaji walipotokea vifua wazi alijifunika uso kwa mtandio. Baada ya dakika moja nikaona mtandio umeshuka mpaka puani. "Hivi mama zao wako hai?" Nikamwambia wako hai, na pengine wako ukumbini wanapiga makofi. Akanyamaza kidogo, akahesabu vichwa jukwaani kwa kidole, kisha akatoa hukumu ambayo sijaisoma kwa mhakiki yeyote: "Wanajua. Lakini miguu tu ndiyo inayocheza. Kiuno kimelala."

Ni kweli. Kankani yenyewe, ile ya sketi zenye marinda chungu nzima, ni ngoma ya mguu. Dada anainua mguu mpaka usawa wa sikio, anauzungusha kwa kuushika kisiginoni, anaruka, anatua sakafuni miguu imepasuka mbele na nyuma, na anapotua anapiga ukelele. Huo ukelele ndio uliomwinua wifi. Alijibu kwa kigelegele, kirefu, cha Magomeni, na watu wa meza ya mbele wakageuka. Mzee mmoja akatabasamu. Mkewe hakutabasamu. Na mimi, lazima niseme, niliona haya. Si kwa ajili ya wifi. Kwa ajili yangu, kwamba nitaonekana niko naye.

Niliona haya mimi! Mimi niliyekuwa nachomoka kazini Jumamosi kwenda kuwahi meza.

Waliokuwa vijana Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanajua ninachosema. Tulikuwa na onyesho la namna hii hii, na hatukuhitaji treni kulifuata. Kulikuwa na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na kuanzia 1992 kukawa na TOT ya Kapteni John Komba, iliyokuwa mali ya chama tawala. Ulilipa kiingilio Kinondoni au Kariakoo, ukakaa na mishikaki na soda yako, au bia kama ndiyo zako, na kwa usiku mmoja ukapata ngoma, sarakasi, kwaya, maigizo, vichekesho na mwisho taarabu. Sarakasi ile ilikuwa na ukoo: vijana wetu walipelekwa China kujifunza miaka ya 1960, na ujuzi ukashuka kutoka kikundi cha taifa mpaka kumbi za bia. Muungano walicheza hata na chatu. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba Moulin Rouge nao kwa miaka mingi walikuwa na chatu ndani ya tangi la maji, mpaka watetezi wa wanyama walipopiga kelele wakawaondoa.

Lakini tulichofuata hasa kilikuwa taarabu, na ndani ya taarabu tulifuata ugomvi. TOT walikuwa na Khadija Kopa, Muungano walikuwa na Nasma Khamis Kidogo, na mji mzima ulijua nani yuko kwa nani. Wifi alikuwa wa Kopa. Mimi wa Nasma. Mwimbaji akifika kwenye ule mstari unaomhusu jirani yako, mke mwenzio, mama mwenye nyumba, ulinyanyuka, ukakaza khanga kiunoni, ukaenda mbele kwa mwendo wa maringo, polepole, ili wote waone unaelekea wapi na unamtazama nani, ukambandika noti. Mwimbaji aliimba maneno yake, wewe ukayatia anwani. Mlangoni ulikuwa umelipia kiti. Nafasi yako kwenye mji uliilipia pale mbele, na watu wote wanaona.

Kwa hiyo wifi aliposimama na ile noti, hakuwa mshamba asiyejua taratibu za Ulaya. Alikuwa mtazamaji aliyefanya kazi yake. Tena nimekuja kujua kwamba hata ukumbi ule haukuwa wa kukaa gizani tangu mwanzo. Ulipofunguliwa ulikuwa ukumbi wa dansi, na wacheza kankani walicheza sakafuni, katikati ya wateja. Aliyetia fora alikuwa Louise Weber, binti wa dobi, aliyeitwa La Goulue, yaani mlafi, kwa tabia ya kupita mezani akimalizia vinywaji vya watu. Alikuwa akimkaribia bwana mmoja, anamdondosha kofia kwa ncha ya kiatu, bila kumgusa nywele. Toulouse-Lautrec alimchora kwenye tangazo la 1891, na katika mchoro ule watu wamemzunguka, mweusi mweusi kama uzio, karibu kiasi cha kumgusa. Moto wa 1915 uliunguza ukumbi, ukafunguliwa upya 1921, na kadiri miaka ilivyokwenda jukwaa likawa la wachezaji na viti vikawa vya watazamaji.

Mimi nimekuwa wa viti. Hilo ndilo nililoliona kwenye jicho la wifi. Nimeishi huku miaka 24, nafanya kazi nyumba ya wazee, na nikiulizwa nilichokipenda kwanza Ulaya sisemi barabara wala hospitali. Nilipenda kulipa mlangoni. Unatoa pesa, unapewa tiketi, mmemalizana. Hakuna anayekutazama umetoa kiasi gani, hakuna anayekwenda kusimulia, hakuna anayekukumbusha mwakani. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kila sherehe ina daftari la michango, na jina lako limesomwa kwa kipaza sauti, huo ulikuwa usingizi mtamu.

Kisha nikaenda nyumbani mwaka juzi, harusini. Taarabu imewekwa, mwimbaji mzuri, wimbo unanihusu kila neno. Nilikuwa na pesa. Sikuinuka. Nilisingizia goti. Nilichokuwa nafanya pale kitini ni hesabu: nikitoa elfu mbili, watasema kaja na Ulaya yake yote na elfu mbili? Nikitoa noti ya euro 50, kesho kabla ya chai simu ya kwanza ni ya ada ya mtoto, ya pili ni ya bati. Kumbe mwenyeji hapigi hesabu hiyo. Mwenyeji anatoa alichonacho, anarudi kukaa, na mwezi ujao zamu ni ya mwingine. Mimi nimetoka kwenye zamu, ndiyo maana kila noti yangu inaonekana kubwa.

Wifi aliyaona hayo yote siku ile ya harusi na hakusema. Alisema kwenye treni, tukirudi Rotterdam asubuhi, amevua viatu.

"Yule dada ametoka jasho usiku kucha, na hajui kama nilikuja."

"Wifi, analipwa mshahara."

"Na daktari analipwa mshahara. Ukipona humwambii ahsante?"

Nikamsimulia habari za La Goulue nikidhani nitamfurahisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo aliishaje? Nikamwambia aliishia mnyonge, anauza karanga na sigara karibu na mlango wa ukumbi ule ule aliouwasha, akafa 1929.

"Unaona?" akasema wifi. "Walishakaa kitako."

Nilitaka kumjibu kwamba na kwetu wapo wasanii waliotunzwa mpaka noti zikawadondoka miguuni, na walipougua tukapitisha kofia. Nikaacha. Alikuwa anajua vizuri kuliko mimi. Yeye ndiye aliyekuwepo kwenye hizo hospitali.

Ile noti ya euro 20 alinirudishia kituoni Rotterdam. Ilikuwa yangu, nilimpa asubuhi ya safari akanunue zawadi za watoto. Alikuwa tayari kumtunza yule dada kwa pesa ya wifi yake na kurudi Dar bila kofia hata moja ya Paris, na nina hakika watoto wangemwelewa.

Desemba anamwoza binti yake. Nimeshakata tiketi, na wiki iliyopita nikampigia anitafutie chenji mapema, maana harusi zikikaribia noti ndogo huwa adimu. Nikasema za elfu moja moja, mpya.

"Elfu mbili mbili," akanisahihisha. "Na hilo goti ulilete limepona."