Hoki ya Barafu Vyuoni? Tuanze na Magurudumu Kwanza

Wasee, swali la leo ni moja. Vyuo vikuu vyetu vianzishe timu za hoki ya barafu za kiwango cha juu kabisa, kama zile za Marekani? Jibu langu ni hapana. Lakini si kwa ile sababu mnafikiria.

Najua mtu ashaanza kucheka: barafu na Mkenya ni wapi na wapi? Hiyo hoja ilizikwa kitambo. Hoteli ya Panari pale Mombasa Road ina uwanja wa barafu tangu 2005. Hapo ndipo Ice Lions walijifunzia. Mwaka wa 2018, Tim Hortons, ile kampuni ya kahawa ya Canada, iliwapeleka Toronto kucheza. Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa kwa huo mchezo, wakatokea na jezi za Kenya na kucheza upande wao. Halafu Septemba 2024 Kenya ikaingia kwa shirikisho la dunia, IIHF. Kwa hivyo uwezo tunao.

Joto pia si kisingizio. Mimi naandika nikiwa Mbumbuni, huku Makueni, na jua la huku mnalijua. Lakini Arizona ni jangwa kabisa, kiangazi joto linapita digrii 40, na bado chuo cha Arizona State kiko daraja la kwanza la hoki ya barafu ya vyuo. Wana uwanja, Mullett Arena, uliofunguliwa 2022, unaobeba watu kama 5,000.

Sasa sikizeni vile walifika hapo, maana hapo ndipo stori yangu iko. Hawakuamka tu siku moja wakaanzia juu. Kwa miaka mingi walikuwa na klabu tu ya wanafunzi. Hiyo klabu ikashinda ubingwa wa klabu za vyuo Marekani mwaka wa 2014. Baada ya hapo ndio wafadhili wakatoa dola milioni 32, na 2015 wakapanda. Tena mji wao tayari ulikuwa na timu ya kulipwa na watu wamezoea kununua tiketi. Wachezaji walitangulia, pesa ikafuata.

Dola milioni 32 kwa pesa yetu ni zaidi ya bilioni 4. Chuo gani hapa kina hiyo pesa? Vyuo vya umma vina madeni, wahadhiri wanagoma kila mara. Na barafu haikai yenyewe. Mashine za kupoza zinakunywa stima mchana na usiku, na maji lazima yaongezwe kila siku. Huku Ukambani watu bado wanabeba mitungi kwa punda. Ukiniambia unajenga uwanja wa barafu chuoni Kitui au Makueni kabla bweni lipate maji, nitakuuliza unamjengea nani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda. Kwa ile karatasi ya karo kulikuwa na mstari wa shughuli za wanafunzi, unalipa upende usipende. Kwa hivyo nikisikia "programu ya kiwango cha juu" kitu cha kwanza naona ni huo mstari ukinenepa. Wacheze watu ishirini, walipe watu elfu kumi, na mmoja wao arudi nyumbani juu ya hiyo tofauti ndogo. Hapo siwezi kunyamaza.

Na hata pesa ikipatikana, utacheza na nani? Hilo ndilo tatizo Ice Lions wenyewe walikuwa nalo. Kabla ya ile safari ya Toronto walikuwa wanacheza wao kwa wao, hakukuwa na timu ingine hapa. Chuo kimoja kikijenga uwanja wa mabilioni peke yake, kitapata upweke huo huo, ila kwa bei ghali zaidi.

Sasa mimi napendekeza hivi. Nairobi wikendi utaona vijana wakiteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari. Baadhi ya Ice Lions walianzia huko. Hoki ya magurudumu inataka sakafu laini ya simiti, fimbo, goli mbili na helmeti. Uwanja wa basketboli unatosha kuanza, na karibu kila chuo kinao. Vyuo vinne au vitano vianzishe klabu, vichezeane nyumbani na ugenini, na timu bora ziende Panari mara moja kwa muhula zikaonje barafu. Hapo Ice Lions wanapata wapinzani na wachezaji wapya, na hakuna mwanafunzi anaongezewa karo.

Hiyo klabu ikidumu miaka kumi na watu wajae kutazama, niiteni tuongee kuhusu uwanja. Nitakuwa wa kwanza kuushabikia, na tiketi nitanunua.

Kama wewe uko chuo saa hii, usingoje usimamizi uandike sera. Tafuta wenzako sita, mtafute mtu mwenye viatu vya magurudumu, muombe ule uwanja wa basketboli Jumamosi asubuhi kabla jua liwake. Barua ya kuomba uwanja haina karo.